Divai ya Miaka na Marafiki wa Rika

Divai nyingi inayotengenezwa duniani hukusudiwa kunywewa ndani ya miaka michache tangu zabibu zivunwe, na ni sehemu ndogo tu inayofaidika kwa kuwekwa muda mrefu. Sehemu hiyo ndogo ndiyo iliyozaa desturi, hasa katika nchi za Ulaya, ya marafiki kukutana kwa chakula cha jioni, kila mmoja akija na chupa aliyoitunza kwa miaka, wakaionja pamoja na kuijadili. Katika Bujonde, kata ya Wilaya ya Kyela kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ambako mashamba ni ya mpunga, kakao na migomba, desturi hiyo yaweza kuonekana ngeni. Hata hivyo, upande wake ulio mgumu zaidi, yaani kukaa na wenzako kwa chakula, kinywaji na mazungumzo ya adabu, Wanyakyusa, wenyeji wa huko, waliufanya kuwa msingi wa makazi yao bila kuhitaji divai.

Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti katika eneo hilo kati ya mwaka 1934 na 1938, walieleza kuwa vijiji vya Wanyakyusa havikupangwa kwa ukoo, bali kwa rika. Wavulana wa umri wa miaka kumi hivi waliondoka katika nyumba za baba zao na kujenga vibanda vyao pembeni, wakawa wanalala huko na kwenda kwa kundi kula kwa mama wa mmoja wao leo na kwa mama wa mwingine kesho. Walipooa, wake zao waliwafuata humo, na kijiji kikabaki cha wanaume waliokua pamoja. Lengo la mpango huo liliitwa ukwangala, yaani raha na adabu ya kuwa pamoja na watu wa makamo yako, kutaniana nao, kubishana nao bila kugombana, na kupata hekima kwa kuwasikiliza. Mtu aliyechinja asiwakumbuke wenzake aliwaudhi, na maradhi yaliyompata baadaye yaliweza kuelezwa kuwa yametokana na manung'uniko yao. Kitabu alichokitoa Monica Wilson mwaka 1951 kuhusu vijiji hivyo kilichukua jina lake kutokana na wazo hilo la ushirika mwema.

Kinywaji cha wanarika hao walipokaa pamoja kilikuwa pombe ya ulezi. Katika aina inayojulikana kama kimpumu, togwa nzito iliyochachuka hutiwa maji ya moto katika chombo kimoja, na wanywaji huivuta kwa mirija, wakiongeza maji kila yanapopungua. Pombe ya namna hii haitunziki: kilevi chake ni kidogo, haichujwi, na vijidudu vilivyomo huendelea kufanya kazi mpaka inageuka kuwa chachu isiyonyweka, jambo ambalo joto la ufukweni huliharakisha. Kwa hiyo muda wake ni wa jioni moja, ambamo chombo huanza na ukali na kumalizika kwa wepesi kadiri maji yanavyoongezwa, na wanaokizunguka huyapitia mabadiliko hayo kwa pamoja.

Divai nyekundu inayofaa kutunzwa, tofauti na pombe hiyo, ina kinga inayoiwezesha kudumu, nayo ni kilevi cha kutosha, asidi, na tanini, yaani viambata vya maganda na mbegu za zabibu ambavyo huufanya ulimi ukauke kama mtu aliyetafuna ndizi mbichi. Chupa inapolazwa mahali penye giza na ubaridi usiobadilika, wa nyuzi 12 hadi 14 hivi za Selsiasi, tanini hizo huungana polepole, nyingine zikazama na kuwa mashapo, na ukali hulainika. Rangi huondoka katika zambarau na kuelekea ile ya tofali, na harufu ya matunda mabichi huachia nafasi harufu za matunda makavu, ngozi au udongo wenye unyevu. Kwa kuwa mabadiliko hayo hayatokei kwa kipimo sawa, chupa mbili za mwaka mmoja zaweza kutofautiana, na ndiyo sababu mjadala wa mezani una maana: pua moja hunasa kile ambacho nyingine imekikosa.

Mjadala huo una taratibu zake. Chupa husimamishwa tangu siku iliyotangulia ili mashapo yatulie, kisha divai humiminwa taratibu katika jagi, na aghalabu divai nyepesi hutangulia nzito. Divai kongwe sana haisubirishwi baada ya kufunguliwa, kwani hewa iliyoikosa kwa miaka yaweza kuifisha ndani ya saa moja. Chakula kisicho na viungo vikali huisaidia zaidi kuliko pilipili, ambayo hufunika kila harufu.

Tanzania ina zabibu zake Dodoma, zilizoenezwa na wamisionari Wakatoliki katika miaka ya 1950, na hali ya hewa ya huko huwezesha mavuno mawili kwa mwaka. Divai nyingi ya Dodoma hunywewa ikiwa changa, na anayetaka kuijaribu kwa muda hana budi kuchagua iliyo nyekundu, kavu na yenye tanini, kisha kuilinda na joto. Wakazi wa Kyela wana nafuu ya jirani, kwani Tukuyu, iliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa ziwa, ina ubaridi ambao ufukwe hauna, na chupa zilizonunuliwa kwa kuchangiana zaweza kutunzwa huko kwa ndugu.

Anayekunywa na asiyekunywa wanaweza kuketi meza moja, kwa maana kinachotafutwa si ulevi, nao huharibu mjadala mapema kuliko kitu kingine. Chupa kongwe huweza kununuliwa na yeyote mwenye fedha, lakini watu waliokaa pamoja miaka hiyo yote hawanunuliki, na desturi ya ukwangala iliwaandaa hao kwanza.