Kuwasha Gari Dakika Tano Kila Ijumaa Hakuokoi Betri

Katika mitaa yetu ya Mombasa, kuanzia Kibokoni hadi Kisauni, hukosi kuona gari moja kuukuu limefunikwa turubai. Aghalabu ni Peugeot 504, ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, au Datsun aliyoacha marehemu babu. Mwenyewe analipenda kama mwana, lakini hulitoa siku ya Idd, siku ya harusi, na labda Jumapili moja kwa mwezi kwenda Mtwapa na kurudi. Wengine wako Muscat au Doha, gari wamemwachia shemeji. Na karibu wote wana dawa moja: kila Ijumaa baada ya sala kijana wa nyumbani hupewa ufunguo aliwashe dakika tano, lingurume, kisha lizimwe. Ati betri isife.

Dawa hiyo haitibu. Na kwa kuwa mara nyingi gari hilo ndilo pekee lililo karibu saa nane za usiku, mke wa jirani akishikwa na uchungu, hili si jambo la kuchukuliwa kama mchezo wa wazee.

Tupige hesabu. Gari la zamani lenyewe likizimwa halili stima, pengine saa ya dashibodi tu. Sisi ndio tunaolifunga walaji: alamu, kifaa cha kulifuatilia lisiibwe, redio mpya inayokumbuka stesheni. Tuseme vyote pamoja vinavuta miliampea 50. Ni kidogo mno, hata taa ndogo ya mbele huvuta zaidi. Lakini vinavuta usiku na mchana. Kwa siku ni ampea-saa 1.2, kwa wiki ni 8 na ushei. Betri ya ampea-saa 60 itafika nusu kwa siku 25.

Sasa Ijumaa imefika. Stata ikizunguka sekunde nne kwa ampea 150 imekula kama ampea-saa 0.17. Si kitu. Injini inanguruma pole pole, na alteneta nayo inazunguka pole pole. Ikibahatika kuipa betri ampea 10, basi dakika tano ni 0.8. Ondoa ya stata, umerudisha kama 0.6. Wiki imekula 8, wewe umelipa 0.6! Na kijana akiwasha taa na redio asikilize mawili matatu, hata hiyo 0.6 haifiki. Magari yenye dainamo ya kale badala ya alteneta ndiyo taabani kabisa, kwani dainamo ikizunguka pole pole haitoi cha maana. Tena injini isiyopata joto la kutosha huacha maji ndani ya ekzosi, nayo huoza kwa kutu.

Joto letu pia lina sehemu yake. Betri huvuja chaji yenyewe hata ikiwa haijafungwa waya wowote. Penye baridi huwa ni asilimia chache kwa mwezi, lakini kasi hiyo huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto. Kwa hivyo ushauri ulioandikiwa watu wa Uingereza haumfai mtu aliyeegesha juani Kongowea wakati wa kaskazi. Na betri ikikaa na upungufu, kwenye sahani zake za risasi hujijenga salfeti. Ikiwa changa, chaji huiyeyusha. Ikiachwa wiki na miezi hugeuka chembe ngumu, na hapo hata fundi akichaji mpaka asubuhi, betri haishiki.

La kufanya ni nini? Bora kuliko yote ni chaja ndogo inayojipunguza yenyewe. Hutoa ampea moja au mbili, betri ikijaa hushuka hadi volti 13.5 hivi na kuishikilia hapo. Hiyo unaweza kuiacha. Zile chaja kubwa za gereji zisizojizima usilale nazo, zitachemsha maji yote. Betri ikichajiwa hutoa gesi inayoshika moto, kwa hivyo iweke penye hewa, na chetezo cha ubani kikae mbali.

Nyumba nyingi za Mji wa Kale hazina mahali pa kupitisha waya wa stima hadi kwa gari. Hapo chukua spana namba kumi ufungue waya unaokwenda kwenye bodi. Karibu magari yote huo ni wa hasi, ingawa baadhi ya magari ya Kiingereza ya kale, kama Morris Minor, yalifungwa kinyume. Huo ndio hutolewa kwanza na kurudishwa mwisho, kwa sababu ukianza na mwingine na spana ikagusa bodi, utaona cheche za kukutoa roho. Redio itasahau stesheni, si msiba. Bado mara moja kwa mwezi ichaji, au liendeshe gari barabarani nusu saa na zaidi, si kuzunguka mtaa.

Nunua mita ya volti. Pima gari likiwa limelala saa kadhaa: 12.6 au zaidi imejaa, 12.4 ichaji sasa, 12.2 ni nusu, 12.0 umechelewa. Upepo wa bahari huleta unga wa kijani na mweupe kwenye vichwa vya betri. Usafishe kwa maji moto na bekingi soda ya jikoni, kausha, paka vaselini. Betri za kuongezwa maji ziongezwe maji ya betri ya dukani, wala si ya kisima. Visima vyetu vina chumvi, na chumvi huiua betri.

Ikichajiwa ikajaa, kisha ikalala usiku mmoja bila waya na asubuhi ikasoma chini ya 12.4, imekwisha umri. Irudishe kwa muuzaji, wengi hupunguza bei ya mpya. Usiwape vijana waipasue uani kutafuta risasi. Wakaazi wa Owino Uhuru hapa Mombasa waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, watoto wakakutwa na risasi kwenye damu, na mwaka 2020 mahakama ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi hiyo ilifika hadi Mahakama ya Juu.

Na ile kauli kwamba betri ikiwekwa kwenye sakafu ya simiti hunyonywa chaji? Ilikuwa na ukweli zamani, maganda yalipokuwa ya mbao au mpira. Haya ya plastiki, iweke popote.