Bugarama: Baridi ya mlimani inayoingia kwenye bei ya ndizi

Alfajiri, wakati Bujumbura bado imelala kwenye joto la ziwani, Bugarama watu wanajikunyata kwa baridi. Hapo ndipo vijana wa baiskeli hukaza kamba za mikungu ya ndizi, tayari kushuka na barabara kuu ya RN1 kwenda sokoni.

Bugarama iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Bujumbura haifiki mita 800. Kwa kuwa joto hupungua takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, tofauti kati ya juu na chini ni kama nyuzi 8, na hapo upepo haujahesabiwa. Baiskeli yenye mzigo unaoweza kuzidi kilo 100 hushuka kwa kasi, na upepo huo humkata mwendeshaji kifuani na mikononi. Vidole hufa ganzi. Mkono uliokufa ganzi haubani breki sawasawa, na mvua ikilowesha rimu, raba za breki huteleza. Ndiyo maana wengi hukanyagia soli ya kiatu kwenye tairi kusaidia breki. Soli huisha upesi, na ni gharama ambayo mnunuzi wa ndizi sokoni haioni.

Jasho nalo huleta taabu yake. Safari ya kurudi ni ya kupanda, na wapo wanaoshikilia nyuma ya malori ili wavutwe hadi juu. Mtindo huo umeua watu, na hauna utetezi wowote ingawa unaokoa saa nyingi. Anayesukuma baiskeli kwa miguu hufika amelowa jasho. Akigeuza na mzigo mpya bila kubadili shati, baridi ya mteremko humwingia mara mbili. Shati kavu kwenye mfuko wa nailoni ni akiba ya maana. Gazeti kuukuu likiwekwa kifuani chini ya shati huzuia upepo vizuri; waendesha baiskeli wa mashindano ya Ulaya walifanya hivyo kwa miaka mingi wakivuka milima. Asiye na glavu huvaa soksi mikononi.

Mfanyabiashara anayenunua mzigo huu ana jambo lake la kuangalia. Ndizi haipendi baridi. Ikikaa muda mrefu chini ya nyuzi 13, ganda hugeuka kijivu au jeusi na tunda huiva vibaya, hata kama halikugongwa popote. Mikungu iliyolazwa nje usiku kucha mlimani, bila turubai wala majani makavu ya kuifunika, inaweza kuonekana salama asubuhi na kukuharibikia siku mbili baadaye ukiwa umeshailipia. Nyanya nazo huumia kwa baridi ya namna hiyo. Viazi havina shida kubwa hapo. Adui yao ni jua na kulowa.

Katika mji wa Oulu, Finland, watu huendesha baiskeli hata baridi ikishuka mbali chini ya sifuri, kwa sababu njia zao zimetengwa na magari na husafishwa theluji kila mara. RN1 haina njia ya baiskeli. Kwenye kona zenye ukungu, lori na baiskeli hugombea lami ileile. Madereva wanaotoka Tanzania, waliozoea kushoto, wakumbuke kwamba Burundi ni kulia, na kwamba baiskeli iliyojaa mikungu haisimami ghafla. Taa nyekundu au kipande cha kitambaa kinachong'aa nyuma ya mzigo kingesaidia pande zote mbili, na bei yake haifiki ya mkungu mmoja mzuri.

Barabara hii hiyo huendelea Kayanza hadi mpaka wa Kanyaru. Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024, na uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni umefanya nafasi kwenye malori kuwa ghali. Shehena ndogo ndogo zikakosa njia nyingine ila magurudumu mawili. Kwa hiyo anayepanga bei na msafirishaji wa baiskeli msimu wa mvua aulize kwanza atashuka saa ngapi. Akikubali kusubiri ukungu upungue, mzigo utachelewa saa mbili tatu, na soko la asubuhi litampita. Hasara hiyo igawanywe na mwenye mali, asiachiwe kijana wa baiskeli peke yake.