Mgeni na Kiha cha Heru Juu

Wageni kutoka ng'ambo wanaokuja kufanya kazi katika nyanda za juu za Kigoma, wawe matabibu, watumishi wa mashirika ya wakimbizi au watafiti, aghalabu hufika wakiwa wamejifunza Kiswahili kidogo. Twawapongeza kwa hilo. Lakini atakayekaa Heru Juu, makao ya kale ya Mwami wa Heru, hatakawia kutambua kwamba Kiswahili kimemfikisha barazani tu. Jikoni, shambani na msibani watu husema Kiha.

Kujifunza Kiha si kazi nyepesi. Hii ni lugha ambayo mwinuko wa sauti hubadili maana, kama ilivyo kwa ndugu yake wa damu, Kirundi, ambacho Mha hukisikia bila mkalimani. Katika Kirundi, neno inda laweza kuwa tumbo au chawa, kutegemea sauti inapopandishwa. Tena, tendo lililofanyika leo na lililofanyika jana au kabla yake huweza kuandikwa kwa herufi zilezile, tofauti ikabaki katika sauti peke yake. Sikio lililozoea Kiswahili hupitwa na tofauti hiyo, sembuse sikio la Mzungu. Basi mama ampelekapo mtoto zahanati, na tabibu akataka kujua kama kuharisha kumeanza leo au juzi, huenda mama amekwisha kulijibu swali hilo, na tabibu asisikie.

Wako wanaonong'ona kwamba kumsifu mgeni ajifunzaye Kiha ni kuamsha ukabila. Hatukubaliani nao hata kidogo. Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967, kilipewa kazi ya kutuunganisha, nacho kimeifanya vyema. Hakikupewa kazi ya kumnyamazisha bibi kizee wa Heru Juu.

Linalotusumbua sisi ni jingine. Tasnifu ya J. H. Scherer juu ya ndoa na mahari katika Buha ilitolewa Groningen, Uholanzi, mwaka 1965. Orodha ya maneno ya Kiha ilichapwa Tokyo mwaka 1992. Sarufi ya Kiha ya Lotta Harjula, msomi wa Ufini, ilitoka Köln, Ujerumani, mwaka 2004, kwa Kiingereza. Hizi ni kazi za heshima, na waliozifanya walistahimili yale ambayo wengi wetu tuliozaliwa na lugha hii hatukuyajaribu. Hata hivyo, mwalimu wa Kasulu atakaye kujua lugha ya wazazi wake imeelezwaje, itambidi aagize kitabu Ulaya kwa fedha za kigeni. (Warundi, ambao sarufi ya Meeussen juu ya lugha yao ilichapwa Ubelgiji mwaka 1959, walau hufundishwa Kirundi shuleni.)

Kwa hiyo twashauri wakuu wa elimu wa wilaya za Kasulu na Kibondo watafute nakala za vitabu hivyo, na vyuo vyetu vikuu vitafsiri kwa Kiswahili japo sehemu ya sarufi ile. Na mgeni aondokaye na daftari lililojaa maneno aliyofundishwa na bibi wa Heru Juu, aache nakala moja katika shule iliyo jirani na nyumba ya bibi huyo.