Fasihi ya Skandinavia, kutoka Mönsterås hadi Ngong

Skandinavia ni Denmark, Norway na Uswidi, na wanaozungumzia fasihi yake huongeza Aislandi, kisiwa ambacho lugha yake ilitoka Norway. Ni nchi zenye watu wachache. Wakazi wa Denmark na Norway wakijumlishwa hawafikii idadi ya Warundi, na Waaislandi hawatimii laki nne. Hata hivyo, Aislandi ilitoa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, Halldór Laxness, mwaka 1955, naye aliandika kwa lugha ya nyumbani kwao. Fasihi hii ilikua katika lugha ndogo za wakulima na wavuvi, kisha watafsiri wakaibeba. Baadhi ya kazi zake zimefika hadi ufukwe wa Ziwa Tanganyika, na wengi wanaozitumia hawajui zilikotoka.

Mfano ulio karibu zaidi husikika kanisani. Mwaka 1885 Carl Boberg, kijana wa Mönsterås, mji mdogo wa pwani ya kusini mashariki mwa Uswidi, alikuwa akirudi nyumbani mvua ya radi ilipomkuta njiani. Mvua ilipokatika ghuba ikatulia, kengele za kanisa zikasikika kwa mbali, naye akaandika shairi la kumsifu Muumba. Shairi hilo likachapishwa katika gazeti la mji wake, kisha likaimbwa kwa lahani ya kienyeji ya Uswidi. Mwaka 1907 likatafsiriwa kwa Kijerumani, baadaye kwa Kirusi. Mmisionari Mwingereza, Stuart Hine, alilisikia kwa Kirusi huko Ukraine miaka ya 1930, akalitungia maneno ya Kiingereza. Waimbaji wa Kiswahili wanalijua kama "Bwana Mungu Nashangaa Kabisa". Ni vigumu kupata shairi jingine la Skandinavia linalojulikana na watu wengi kiasi hicho kutoka Mombasa hadi Bujumbura, na halina budi kuhesabiwa kuwa fasihi hata kama wasomi wa fasihi hulipita.

Wamisionari nao walikuja wenyewe. Wabaptisti wa Denmark walifika Musema, kaskazini mwa Burundi, mwaka 1928, na Wapentekoste wa Uswidi wakaanza kazi Kiremba, upande wa kusini, mwaka 1935. Ushairi usio wa ibada haukusafiri hivyo. Tomas Tranströmer, Mswidi aliyekuwa mwanasaikolojia kwa kazi na aliyepata Nobel mwaka 2011, bado husomwa huku kwa Kifaransa au Kiingereza tu. Dag Hammarskjöld, naye Mswidi, anajulikana Burundi na Kongo kama katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyefariki kwa ajali ya ndege karibu na Ndola mwezi Septemba 1961, akiwa katika juhudi za kumaliza vita vya Katanga. Ni wachache wanaojua kwamba aliacha daftari la tafakuri na mashairi mafupi, lililochapishwa mwaka 1963. Hazungumzii siasa humo. Ni mtu anayejihoji usiku kuhusu wajibu wake.

Upande wa tamthilia, jina linalosimama juu ya yote ni Henrik Ibsen wa Norway (1828–1906). Kabla yake jukwaa la Ulaya lilijaa wafalme na visa vya kubahatisha. Ibsen aliiweka hadhira mbele ya sebule ya kawaida, akaacha madeni na siri za nyumba zijitokeze moja baada ya nyingine.

Katika "Nyumba ya Mwanasesere" (1879), Nora amekopa fedha ili ampeleke mumewe Italia kutibiwa. Mkopo wa mwanamke ulihitaji mdhamini mwanamume, na baba yake Nora alikuwa mahututi, kwa hiyo Nora akaghushi sahihi yake. Mkopeshaji anagundua kosa kwa kutazama tarehe: mzee anaonekana kutia sahihi siku tatu baada ya kufa. Mume anapojua, kwanza anamtukana mkewe kwa kumharibia jina. Hatari inapopita anamsamehe, na msamaha huo ndio unaomfumbua macho Nora. Anaondoka, akimwacha mume na watoto watatu. Ujerumani mwigizaji mmoja alikataa kucheza mwisho huo, na Ibsen akalazimika kuandika mwingine ambao yeye mwenyewe aliuchukia. Nchini Burundi, ambako mirathi ya ardhi bado huamuliwa na mila na binti huachwa nyuma ya kaka zake, swali la Nora halijachakaa: mtu asiyeruhusiwa kumiliki wala kutia sahihi atawajibika vipi mbele ya sheria? August Strindberg wa Uswidi alimpinga Ibsen katika suala la wanawake, lakini tamthilia yake "Bibi Julie" (1888) ina ukali wa namna ile ile.

Riwaya ya Skandinavia ina mizizi katika masimulizi ya Aislandi, ambayo mengi yaliandikwa karne ya 13: visasi vya koo, mashauri na faini, vyote vikielezwa kwa sentensi kavu. Njáll, mhusika wa simulizi maarufu kuliko yote, ni mtu ambaye Warundi wangemwita mushingantahe, mjuzi wa sheria anayekimbiliwa na wagombanao. Busara yake haimwokoi, kwani anachomwa moto ndani ya nyumba yake. Ukavu huo wa lugha ulidumu. Selma Lagerlöf wa Uswidi, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya Fasihi (1909), aliuchanganya na hadithi za bibi yake.

Afrika Mashariki yenyewe imo ndani ya fasihi hii kupitia Karen Blixen wa Denmark, aliyeishi Kenya kuanzia 1914 hadi 1931 kwenye shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong. Shamba lilikuwa juu mno kwa kahawa, likafilisika. Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka mwaka 1937, kwa Kiingereza na kwa Kidenmark, matoleo yote mawili yakiwa ya mkono wake. Kurasa zake bora zinamhusu Kamante Gatura, mtoto mchunga mbuzi mwenye vidonda miguuni, aliyetibiwa na misheni ya Waskoti kisha akawa mpishi wa ajabu. Alikumbuka kila mchuzi kwa tukio la siku alipofundishwa kuupika, kama vile radi iliyopiga mti.

Mwandishi wa Kenya Ngũgĩ wa Thiong'o alikikosoa kitabu hicho vikali, mbele ya Wadenmark wenyewe: Blixen anawapenda Waafrika kama apendavyo mbwa wake. Hoja hiyo ina ushahidi, maana Blixen mara nyingi huwaeleza watu kwa kuwafananisha na wanyama. Uzuri wa sentensi zake haufuti jambo hilo. Kamante mwenyewe alipata nafasi ya kusimulia upande wake katika kitabu cha mwaka 1975 kilichoandaliwa na Peter Beard, na anayemsoma Blixen bila hicho anasikia shahidi mmoja tu.

Falsafa ya Skandinavia iliandikwa kifasihi. Søren Kierkegaard wa Copenhagen (1813–1855) alitumia majina ya kubuni, kila jina na msimamo wake. Katika "Hofu na Kutetemeka" (1843) anarudia kisa cha Ibrahimu, kinachojulikana vyema kwa Wakristo na kwa Waislamu wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, na kukaa kwenye sehemu ambayo wengi huiruka: siku tatu za njiani, baba na mwana, kisu tayari, bila neno. Kutokana na uzito alioupa uamuzi wa mtu mmoja pekee ulizaliwa mkondo wa falsafa uitwao udhanaishi, ambao Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe aliuingiza katika riwaya ya Kiswahili, hasa "Kichwamaji" (1974).

Aliyeishi naye mji mmoja, N. F. S. Grundtvig (1783–1872), alikuwa mshairi na mchungaji. Alichukia shule za kukariri Kilatini, akataka vijana wa mashambani wajifunze kwa lugha yao, kwa mazungumzo, bila mitihani. Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Rødding mwaka 1844, na mfumo ukaenea Uswidi na Norway. Mwaka 1975 Tanzania, kwa msaada wa Uswidi, ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa kufuata mfano huo. Leo viko zaidi ya 50, wanafunzi hujifunza useremala, ushonaji na kilimo, na lugha ya kufundishia ni Kiswahili.