Kukaa kitako siku nzima ndiko kunakoumiza shingo

Je, ifikapo saa kumi jioni hujikuta ukijikanda shingo na mabega? Huenda watu wa nyumbani wanakushangaa: umeshinda kwenye kiti, hukubeba gunia, uchovu huo umetoka wapi?

Misuli haichoki kwa kubeba mizigo tu. Huchoka pia kwa kukazwa mahali pamoja bila kupumzika. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5. Kikikaa wima, uti wa mgongo ndio unaokibeba. Lakini unapokisukuma mbele kuifuata kompyuta, misuli ya nyuma ya shingo hulazimika kukishikilia saa nzima bila kulegea. Damu hupita humo kwa shida, na maumivu huanza.

Laptopu ina taabu zaidi, kwa kuwa skrini na kibodi vimeunganishwa. Ukiiweka chini mikono istarehe, shingo inainama. Ukiiinua shingo inyooke, mikono inachoka. Ipandishe juu ya vitabu au katoni hadi ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho yako, kisha utumie kibodi nyingine ya kuunganisha. Viwiko vikae karibu na mbavu na nyayo zikanyage sakafu. Taulo iliyokunjwa na kuwekwa nyuma ya kiuno husaidia mno, hata kama kiti chenyewe ni cha bei rahisi.

Hata hivyo, usidhani kwamba kukaa wima kama askari gwarideni kutakuponya. Mkao mzuri ukidumu saa tatu nao huumiza. Inuka kila baada ya nusu saa hivi: mfuate mwenzako mezani kwake badala ya kumpigia simu, au shuka matatu kituo kimoja kabla ya chako. (Na ukikwama kwenye msongamano wa magari Thika Road, usiinamie simu njia nzima.)

Wengi hukimbilia vidonge vya duka la dawa. Hutuliza kweli, lakini vya aina ya Brufen vikimezwa kila siku vinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo, ilhali chanzo kingali pale pale ofisini. Afadhali umwone mtaalamu wa fiziotherapia. Na usione haya kumwomba mwajiri kiti kinachokufaa; Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka vifaa vya kazi vimfae mfanyakazi.

Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa ikikuamsha usiku, huweza kuwa dalili ya neva kubanwa kwenye kifundo cha mkono. Mwone daktari mapema. Na ikiwa maumivu ya mgongo yameandamana na miguu kukosa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.