Dada wa vikapu, kabla ya kuruka jua kutua

Simama mbele ya kioo, vua viatu, inua mguu mmoja. Sasa chuchumaa kidogo tu, polepole, kwa ule mguu uliobaki chini. Usijitazame uso, tazama goti. Limebaki juu ya vidole ama limekimbilia ndani kutafuta lenzake? Kama limeingia ndani, mimi na wewe tuna maneno.

Goti kuingia ndani hivyo, mguu ukiwa karibu umenyooka na uzito wote uko juu yake, ndiko hukata ile kano ya katikati ya goti ambayo wapenzi wa spoti huiita ACL. Wengi hudhani lazima ugongwe. Wapi! Mara nyingi hakuna aliyekugusa: umetua na ribaundi, ama umefunga breki ghafla kumhepa beki, kisha pap! Na wasichana huumia hivyo mara mbili hadi nane zaidi ya wavulana wanaocheza mchezo ule ule.

Umbo la nyonga hutajwa, homoni pia, ingawa wataalamu bado wanabishana. Hayo huwezi kubadilisha, achana nayo. Kinachobadilika ni nguvu. Mvulana akibalehe hurefuka na misuli inakuja yenyewe, bure. Msichana hurefuka na kuongeza uzito, lakini misuli haimfuati kwa kasi hiyo. Ni kama kupakia matatu abiria wengi zaidi na breki ni zile za zamani. Breki zenyewe ni misuli ya nyuma ya paja na ya makalio. Hiyo ndiyo hushika goti mahali pake.

Ukiumia, hesabu ni chungu. Paige Bueckers, nyota wa Chuo Kikuu cha Connecticut, alikata ACL Agosti 2022 katika mechi ya kujifurahisha tu, akakosa msimu mzima. Alirudi, akashinda ubingwa wa vyuo vya Marekani Aprili 2025, kisha Dallas Wings wakamchagua wa kwanza WNBA. Lakini yeye alikuwa na madaktari na jimu ya chuo. Wewe unacheza kwenye simiti ya mtaani.

Basi tufanye kazi. Piga magoti, rafiki akushikilie vifundo vya miguu, kisha jiachilie uende mbele polepole kama mti unaoanguka, mwili umenyooka kutoka magoti hadi kichwa. Ukishindwa, jizuie kwa mikono. Mara tatu hadi tano zatosha mwanzoni. Kesho yake utashuka kwenye matatu ukishikilia mlango, usishtuke.

Halafu beba mtungi wa maji wa lita tano, simama kwa mguu mmoja, inama kutoka kiunoni hadi mtungi ukaribie sakafu, urudi juu. Goti limekunjwa kidogo, mgongo sawa. Lala ubavu ujiinue kwa kiwiko. Na ukipiga mswaki, simama kwa mguu mmoja. Vifundo vinahitaji hilo.

Ninalolipenda zaidi ni la kreti ya soda. Panda juu, shuka, tua kwa miguu yote miwili, magoti yamekunjwa na yametengana. Tua kimya. Jirani wa chini akisikia, rudia.

Dakika 15 hadi 20, mara mbili ama tatu kwa wiki, badala ya ile mizunguko ya uwanja mnayoiita kupasha misuli joto. Anza wiki kadhaa kabla ya ligi na usiache ligi ikianza. Mazoezi ya aina hii, yakifanywa kwa nidhamu, yameonekana kupunguza majeraha ya ACL kwa wasichana kwa karibu nusu. Ukizoea, nenda ukapige chuma kabisa. Na yule anayekuambia utakuwa na mwili wa mwanamume, muulize ni wanaume wangapi wa mtaani wamekuwa jimu miaka mitatu na bado mikono ni kama ya fagio.

Kama tayari umefanyiwa upasuaji, usirudi kabla ya miezi tisa, hata kama goti haliumi. Daktari akiruhusu, ruka kwa mguu mmoja na upime umbali, kisha kwa ule mwingine. Mguu ulioumia ukifika chini ya asilimia 90 ya mwenzake, bado. Kocha akikupigia kwa sababu kuna fainali Jumamosi, mtumie hizo hesabu.