Meko na Sakafu ya Mbao

Mji wa Mwanza umekaa kati ya mawe na maji. Mawe makubwa yamebebana juu ya vilima, na mengine yamesimama ziwani, kama lile liitwalo Jiwe la Bismarck. Mtu aonaye mawe mengi hivi hudhani kwamba kutengeneza meko, yaani mahali pa moto ndani ya nyumba, ni kazi nyepesi: aokote mawe, ayapange, awashe moto. Lakini sivyo. Moto ni mgeni wa kuheshimiwa, na mahali pake pataka kutengenezwa kwa akili.

Zamani katika nyumba nyingi za kando ya ziwa, meko yalikuwa mafiga matatu juu ya sakafu ya udongo. Udongo ulipondwa, ukasawazishwa, ukapakwa samadi ya ng'ombe. Kaa la moto likianguka, liliangukia udongo, likazimika lenyewe. Hatari ilikuwa juu, katika nyasi za paa. Lakini mtu awekapo sakafu ya mbao, hatari hushuka chini, maana sasa chakula cha moto kimelazwa mbele yake.

Mabaharia wa majahazi ya pwani walilijua jambo hili tangu kale. Chombo chao chote ni mbao, na katikati ya bahari hakuna pa kukimbilia. Basi walipikia ndani ya sanduku lililotiwa mchanga au udongo, na moto ulikaa juu ya mchanga, haukugusa mbao. Watu wa London walijifunza kwa machozi. Mwaka 1666 moto ulianza usiku katika nyumba ya mwoka mikate, ukaenea kwa siku nne katika mji uliojaa nyumba za mbao, ukateketeza nyumba zaidi ya 13,000. Mwaka uliofuata ilitolewa sheria kwamba nyumba mpya zijengwe kwa matofali au mawe.

Sasa itazamwe nyumba yenye meko ya kuni na dohani ya kutolea moshi, ambayo mwenyewe ameondoa sakafu yake ya zamani na kuweka mbao mpya. Mbele ya moto pana kibaraza cha vigae, nacho kimekwisha kupasuka, tena hakilingani na mbao. Yampasa mwashi kukitengeneza upya.

Kwanza mwashi hung'oa vigae vyote, atazame kilichoko chini. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Huona kigae kizuri, chenye kung'aa, wakadhani kwamba kigae ndicho kizuiacho moto. Kigae ni chembamba, na joto hupita ndani yake polepole. Kama chini yake pana ubao au boriti, mti ule hukauka siku hadi siku, ukageuka mweusi kama makaa, na mwisho huweza kushika moto mahali pasipoonekana, watu wakiwa wamelala. Kwa hiyo mbao zote zilizo chini ya kibaraza hukatwa na kuondolewa, na mahali pake hujengwa kitanda cha matofali au zege, chenye unene usiopungua inchi 5. Kibaraza chenyewe hutokeza mbele ya moto inchi 20 au zaidi, na kila upande inchi 6, ili cheche zirukazo ziangukie vigae.

Je, mawe ya vilimani hayafai? Wapasuaji wa mawe huwasha moto juu ya mwamba, na mwamba ule mgumu hupasuka kwa joto. Basi jiwe la namna hiyo likiwekwa karibu na moto wa kila siku, laweza kupasuka vivyo hivyo. Na jiwe lililookotwa majini ni baya zaidi, kwa kuwa maji yaliyojificha ndani yake hugeuka mvuke, likaruka vipande na kuumiza watoto waliokaa karibu. Tofali la kuchoma ni bora, maana limekwisha kupita katika tanuri. Moto si jambo jipya kwake.

Kisha mwashi hupima kimo. Kama uso wa mbao mpya umepita kitanda cha matofali kwa inchi 1 na nusu, na kigae kina unene wa inchi 1, basi chokaa ya kukilaza hubaki nusu inchi. Hesabu hii ni ndogo, lakini ina faida kubwa. Ukingo ukizidi kimo, mtoto achukuaye chungu cha uji wa moto atajikwaa. Pimamaji huwekwa juu ya vigae na mbao pamoja, mpaka vyote viwe sawa.

Hata hivyo vigae na mbao havigusani kabisa. Ubao hunywa unyevu wa hewa: wakati wa mvua hutanuka kwa upana wake, na miezi ya kiangazi, Juni mpaka Agosti, husinyaa. Kigae hakifanyi hivyo. Vikibanwa pamoja, mvua itakaponyesha ubao utasukuma vigae na kuving'oa, au wenyewe utainuka. Basi huachwa nafasi ndogo, ya robo inchi au zaidi kidogo, na juu yake hulazwa ufito mwembamba wa mbao ngumu, kama mninga au mvule, uliopigiliwa misumari upande wa sakafu tu. Ubao ukienda na kurudi, ufito huenda nao, ukiteleza juu ya kigae. Wavivu huijaza nafasi ile kwa unga wa msumeno au matambara. Kufanya hivyo ni kumtandikia moto kitanda.

Mwisho mwashi huacha kazi yake ikauke kwa majuma kadhaa. Moto wa kwanza huwa mdogo, wa vijiti vichache. Wa pili huzidi kidogo. Moto mkali ukiwashwa mapema, maji yaliyomo katika chokaa hugeuka mvuke na kupasua kazi yote.

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Penye meko, ufa mdogo waweza kumgharimu mtu nyumba nzima. Basi fundi mwema hupendezwa na vigae vyake vizuri, lakini hujiuliza kwanza kilichoko chini yake.